Tegla Loroupe, Binti Mkimbiaji wa Pokot

Jioni hii nataka kuwasimulia habari za mwanamke mmoja wa nchi ya Kenya, jina lake Tegla Loroupe. Kazi iliyompa sifa duniani ni kukimbia. Huenda mzee mmoja akasema moyoni mwake, "Kukimbia nako ni kazi? Hata mbuzi hukimbia." Namwomba mzee huyo asiondoke penye redio kwanza, maana habari hii ina ng'ombe ndani yake, na shule, na mahari, na ugomvi wa jirani kwa jirani, mambo ambayo watu wa Shinyanga na Geita wayajua kuliko mimi.

Yafaa tuanze na mbio zenyewe. Ziko mbio ziitwazo marathoni, na urefu wake ni maili 26 na kitu, yaani kilomita 42 na mita 195. Mtu wa Geita na aufikiri mwendo unaokaribia ule wa kutoka Geita mjini hata Katoro. Mwenda kwa miguu aliye hodari, akiondoka saa kumi na mbili asubuhi, asipumzike wala asinywe maji, atafika yapata saa nane na nusu mchana. Tegla Loroupe aliumaliza mwendo huo kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 43. Mwenye baiskeli katika barabara ya vumbi angemwandama kwa shida.

Tena si mwanamke wa mwili mkubwa. Kimo chake ni mita moja na nusu na zaidi kidogo, na katika miaka ya ushindi wake uzito wake ulikuwa yapata kilo 40. Gunia la mahindi huwa na kilo 100. Basi mabinti wawili kama yeye wangepanda mizani pamoja wasilifikie gunia moja.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1973 katika nchi ya Wapokot, kaskazini-magharibi ya Kenya. Mji mkuu wa sehemu hizo ni Kapenguria, ambao wazee wengi wanaukumbuka kwa sababu ndipo Jomo Kenyatta alipohukumiwa na Serikali ya Kiingereza katika kesi ya mwaka 1952 na 1953. Ni nchi ya milima yenye baridi upande mmoja, na upande wa pili ni tambarare kavu zenye miiba. Utajiri wa Wapokot ni mifugo. Jirani zao wa kaskazini ni Waturkana, na wa magharibi, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, ni Wakaramojong. Nao wote ni wafugaji, na wote tangu zamani huchukuliana ng'ombe kwa nguvu. Habari hiyo tutairudia baadaye.

Baba yake Tegla alikuwa na wake wanne, na watoto katika boma lile walikuwa 25. Mtoto wa kike katika nyumba kama hiyo hakai bure. Huchota maji, hutafuta kuni, hubeba wadogo mgongoni, huchunga. Tegla aliyafanya hayo yote. Lakini alipopata miaka saba alianza pia kwenda shule, na shule ilikuwa mbali, kilomita 10 kutoka nyumbani. Mtoto aliyekwisha kufanya kazi za asubuhi hawezi kuitembea njia hiyo akafika kengele haijalia. Basi alikimbia. Asubuhi alikimbia kwenda na jioni alikimbia kurudi, pekupeku, juu ya mawe na umande. Hapakuwa na mwalimu wa michezo njiani wala mtu aliyemhesabia dakika. Lakini siku shule ilipofanya mashindano ya mita 800 na mita 1,500, yule mdogo aliyekonda aliwaacha nyuma wanafunzi waliomzidi umri, na watu wakaanza kuulizana ni binti wa nani.

Hapo ndipo taabu yake ilipoanza. Baba hakutaka. Kwake yeye, mbio hazikuwa jambo la mtoto wa kike. Mtu pekee aliyesimama upande wa binti alikuwa mama yake. Jina lake la Kipokot ni Chametia, maana yake mtu asiyekasirika, nalo jina hilo lilimfaa, kwa kuwa hatusikii kwamba aligombana na mzee wake. Aliendelea tu kukimbia.

Ni rahisi kumlaumu baba huyo, lakini mimi naona tutakosa haki tukimlaumu upesi. Katika nchi ya wafugaji, mahesabu ya nyumba hufanywa kwa ng'ombe. Binti akiolewa, ng'ombe huingia bomani, na kwa ng'ombe hao kaka yake naye hupata kuoa. Kila mwaka ambao binti yuko shuleni au kiwanjani ni mwaka ambao hesabu hiyo inangoja. Baba hakuwa mkatili. Alikuwa akihesabu kama alivyofundishwa kuhesabu. Kosa lilikuwa katika hesabu yenyewe, kwa sababu thamani ya mtoto ilipimwa kwa kitu kimoja tu, na kitu chenyewe kilipatikana mara moja, kisha basi.

Wala haya sisemi kwa kuwacheka Wapokot. Katika uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2010, Shinyanga ndiyo iliyoonekana kuwa mbele ya mikoa yote kwa wasichana kuolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Walikuwa 59 katika kila 100. Wakati huo Bukombe, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika mkoa wa Geita, ilikuwa bado ndani ya Shinyanga. Msikilizaji aweza kufikiri mwenyewe ni mabinti wangapi katika hao 59 waliokuwa na miguu kama ya Tegla, au kichwa cha hesabu, au mkono wa kuchora, na hakuna aliyejua, hata wenyewe.

Ukaidi wa pili ulitoka kwa wakubwa wa michezo wa Kenya. Wao walikwisha kuzoea kushinda kwa wanaume. Kipchoge Keino alikuwa ameshinda katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na tangu hapo jina la Kenya lilienda pamoja na wakimbiaji wanaume. Wanawake walikuwapo, lakini njia yao ilikuwa nyembamba. Wasichana watatu walipelekwa Mexico mwaka ule ule wa 1968. Mwaka 1974 Sabina Chebichi alipata nishani ya shaba katika mita 800 huko Christchurch, New Zealand, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Kenya kupata nishani katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Naye aliacha mashindano angali kijana sana. Tegla alipojitokeza, wakubwa wale walimtazama wakasema ni mdogo mno, tena amekonda. Waliyabadili maneno yao baada ya mwaka 1988, aliposhinda mbio za nyika pasipo viatu.

Viatu vyake vya kwanza vya kukimbilia alivipata mwaka 1989. Mnadhani alivivaa kila siku? La. Aliviweka kwa ajili ya njia zenye mawe mabaya. Penginepo alikimbia kwa nyayo zake kama alivyozoea. Hata mwaka 1994, katika mashindano makubwa mjini St. Petersburg, Urusi, alishinda mbio za mita 10,000 akiwa pekupeku kati ya wanawake waliovaa viatu vya thamani. Nayataja haya kwa ajili ya wanafunzi ambao husema hawawezi kuanza kitu mpaka wapate vyombo vyake.

Hapa nataka nisimame kidogo niseme juu ya neno "wa kwanza". Katika kila nchi alikuwako mwanamke mmoja aliyefungua mlango wa michezo, na mara nyingi watu waliopita baadaye walisahau kwamba mlango ulikuwa umefungwa. Nchini China alikuwa Qiu Zhonghui, msichana wa jimbo la Yunnan, ambaye mwaka 1961 mjini Peking alimshinda Mhungaria Éva Kóczián katika mpira wa meza, akawa mwanamke wa kwanza wa taifa lile kuwa bingwa wa dunia wa mchezo huo. Baada yake mabingwa Wachina wamekuwa wengi hata watu hudhani walizaliwa na kibao mkononi. Kwetu Tanzania alikuwa Theresia Dismas, mrusha mkuki, aliyepata nishani ya fedha katika Michezo ya Afrika mjini Brazzaville mwaka 1965. Ukiwauliza vijana leo habari za Filbert Bayi, wengi watakujibu. Ukiwauliza habari za Theresia, utaona wanatazamana.

Sasa turudi kwa Tegla. Tarehe 6 Novemba 1994 alisimama mjini New York, Marekani, akiwa na umri wa miaka 21. Marathoni ya New York huanzia kwenye daraja kubwa lililo juu ya mlango wa bandari, ikapita katika sehemu zote tano za mji, ikaishia katika bustani iliyo katikati ya majumba marefu. Wakimbiaji ni maelfu, na watazamaji hujipanga njiani kama watu waliokuja mnadani. Hakuna mwanamke wa Afrika aliyewahi kushinda mbio hizo, wala marathoni yoyote iliyo kubwa kama hizo. Wenye kujua mbio walisema Mwafrika mwanamke aweza mita 1,500, labda na 10,000, lakini maili 26 ni kazi ya wanawake wa Ulaya na wa Marekani waliokomaa.

Alimaliza wa kwanza, kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 37.

Habari ilifika Pokot. Aliporudi nyumbani alitunzwa mifugo na ardhi. Hebu tulifikiri jambo hilo kidogo, maana mimi naliona kuwa kubwa kuliko zawadi yenyewe ya New York. Ng'ombe wameingia nyumbani kwa ajili ya binti, lakini hawakutolewa na mume, wala binti hakuondoka. Ni wake mwenyewe. Na wanawake wa kwao walimwambia kwamba ameonyesha kuwa wao si watu wasiofaa kitu. Mzee aliyekuwa na ile hesabu ya zamani alipata hesabu mpya mbele ya macho yake, na kwa lugha aliyoielewa.

Mwaka wa pili, 1995, alirudi New York. Siku chache kabla ya mbio dada yake aitwaye Albina alifariki Kenya. Wenye busara wangemwambia apumzike. Alikimbia akiwa na msiba, akashinda tena, na alipovuka mstari alilia mbele ya watu wote. Fedha aliyoipata katika mbio zake haikuishia katika nguo na magari. Alisomesha watoto wa ndugu zake, tena wengi, kama ilivyo desturi ya kwetu kwamba mwenye kupata hula na wenzake.

Mchezo huu una rekodi, maana yake ni muda mfupi kuliko wote uliowahi kupatikana na mtu yeyote. Rekodi ya wanawake katika marathoni ilikuwa mkononi mwa Ingrid Kristiansen wa Norway tangu mwaka 1985, saa 2, dakika 21 na sekunde 6. Miaka kumi na mitatu ilipita na wanawake hodari wa dunia yote wakajaribu wasiweze. Tarehe 19 Aprili 1998, mjini Rotterdam, Uholanzi, Tegla aliivunja kwa sekunde 19: saa 2, dakika 20 na sekunde 47. Akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuishika rekodi hiyo.

Palikuwa na manung'uniko. Walikuwapo waliosema haikuwa haki, kwa sababu wanaume walikimbia pamoja naye na kumpa mwendo. Ni kweli walikuwapo wanaume. Lakini wanaume wale hawakumbeba, na mwenye kupewa mwendo bado lazima awe na miguu ya kuufuata. Yeye hakujibu kwa maneno mengi. Tarehe 26 Septemba 1999, mjini Berlin, Ujerumani, alikimbia tena akapunguza sekunde nne. Sekunde nne, wasikilizaji, hazitoshi hata kufunga kamba ya kiatu! Wachimbaji wa Nyarugusu na Mgusu watanielewa upesi kuliko wengine: mtu huingia duarani miezi mingi, hupasua mwamba, hutoa kifusi kwa kamba, na akifika mwaloni kuosha, kitu kinachobaki katika karai ni kidogo kiasi cha kufichwa chini ya ukucha. Mwezi mzima wa Tegla wa kuamka alfajiri na kupanda milima ulikuwa ndani ya ile sekunde moja.

Katika miaka hiyo hiyo, 1997, 1998 na 1999, alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mara tatu mfululizo, na katika mita 10,000 alipata nishani ya shaba ya dunia mwaka 1995 na tena mwaka 1999. Sitazihesabu mbio zote alizoshinda, maana tutakesha. Nataka niwaeleze ile aliyoshindwa.

Mwaka 2000 michezo ya Olimpiki ilifanyika Sydney, Australia. Kwa nishani ya Olimpiki Tegla angetoa nyingine zote, maana hakuwa nayo hata moja. Mwaka huo alikuwa amekwisha kushinda London na Roma, na watu wengi walimtaja kuwa ndiye atakayeshinda marathoni. Usiku wa kuamkia siku ya mbio chakula kilimdhuru, tumbo likamchafuka vibaya. Mwanariadha aliyepungukiwa maji mwilini ni kama taa isiyo na mafuta. Asubuhi angaliweza kusema, "Naumwa," na hakuna ambaye angemlaumu. Alikwenda akasimama pamoja na wenzake. Alipitwa na mmoja, akapitwa na wa pili, na wa tatu, na mwisho wa maili 26 alikuwa wa kumi na tatu. Aliyeshinda ni Naoko Takahashi wa Japani, na Mkenya mwenzake Joyce Chepchumba akapata shaba.

Siku sita baadaye paliitwa mbio za mita 10,000. Tegla alitokea uwanjani tena, safari hii bila viatu, kama mtoto aendaye shule kule Pokot. Alimaliza wa tano. Alipoulizwa kwa nini hakupumzika, alieleza kwamba nyumbani wapo watu wanaomtazama kama tumaini lao, naye aliona ni wajibu kwao kumaliza. Wengine hupenda kusimulia Rotterdam na Berlin. Mimi, kama ningeulizwa ni siku gani ya Tegla ningependa kuiona kwa macho, ningesema siku ile ya nafasi ya tano.

Nishani ya Olimpiki hakuipata kamwe. Rekodi yake nayo ilivunjwa mwaka 2001 na yule yule Takahashi, kisha juma moja baadaye ikavunjwa tena mjini Chicago na Mkenya, Catherine Ndereba. Mwaka 2019, katika mji huo huo wa Chicago, Mkenya mwingine, Brigid Kosgei, alikimbia kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 4. Mlango uliofunguliwa mwaka 1994 umepitwa na wengi.

Niliahidi kurudi kwenye ng'ombe.

Zamani Wapokot na Waturkana na Wakaramojong walipochukuliana mifugo walitumia mikuki, na wazee walikuwa na njia za kusuluhisha na kulipana. Bunduki za kivita zilipoingia kwa wingi kutoka nchi za jirani zilizokuwa vitani, mambo yakabadilika. Uvamizi wa usiku mmoja ukawa wa kuua watu wengi, hata wanawake na watoto. Shule zikafungwa, visima vikaachwa. Watu wa Shinyanga hawahitaji kuelezwa uchungu wa wizi wa ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wenye silaha walipozidi, ndipo katika sehemu za Kahama na jirani zake wanavijiji walipojikusanya wenyewe kwa pinde na mishale na filimbi, wakaanzisha Sungusungu, jina ambalo baadaye lilienea nchi nzima. Njia hiyo ilisaidia, nayo ilikuwa na ukali wake ambao wazee wanaukumbuka.

Tegla alichukua njia nyingine, na wengi walimwona kama mtu anayefanya mzaha. Mwaka 2003 aliunda chama cha amani chenye jina lake, akaanza kuwaita vijana wenye bunduki waje washindane mbio. Kapenguria, kisha Moroto upande wa Uganda, na kwingineko. Masharti ni mepesi: njoo, acha silaha, kimbia kilomita 10 ubavuni mwa mtu ambaye mwaka jana ulimvizia kisimani. Mwezi wa Novemba 2006, wapiganaji wapata 2,000 wa makabila sita walikimbia Kapenguria. Mabalozi na wakubwa wa serikali nao walivua makoti wakakimbia katika mbio hizo, jambo ambalo kwa watazamaji wa kijijini lilikuwa kichekesho na heshima kwa pamoja.

Mtu atauliza kama mbio zamaliza vita. Hazikumaliza, uvamizi haukukoma katika nchi zile, na mimi sitawadanganya. Lakini fikirini ni nani mwingine angeweza kuwaita. Chifu wa Pokot akiita, Mturkana haji. Askari akiita, wote wanakimbilia porini. Aliitwa mwanamke mdogo, asiye na bunduki, binti wa wafugaji, ambaye picha yake kila kijana amekwisha kuiona, naye akasikilizwa. Mwaka 2010 palikuwa na mamia ya wapiganaji waliokuwa wamesalimisha silaha zao. Kapenguria alianzisha pia shule kwa ajili ya watoto, miongoni mwao yatima wa mapigano hayo, na humo watoto wa makabila yanayogombana wakaketi dawati moja.

Liko jambo moja la mwisho. Katika lugha yetu ya Kiswahili, mkimbiaji na mkimbizi ni majina yaliyotoka katika tendo moja, ila mmoja hukimbia kufuata kitu na mwingine hukimbia kukiacha. Katika nchi ya Waturkana, mahasimu wa kale wa Wapokot, iko kambi kubwa ya wakimbizi iitwayo Kakuma, iliyojaa watu waliotoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo na kwingineko. Mwaka 2015 watu wa Tegla walikwenda Kakuma kufanya mashindano, ili kutafuta vijana wanaoweza kufundishwa. Wengi walikimbia bila viatu. Mmoja wao alikuwa msichana aitwaye Rose Nathike Lokonyen, aliyeletwa Kenya mwaka 2002 akiwa mtoto, vita vilipowafukuza kwao. Katika mbio zile za kambini alikimbia kilomita 10 pekupeku, akawa wa pili. Alichukuliwa pamoja na wenzake hata Ngong, karibu na Nairobi, wakafundishwa, wakapewa viatu, ambavyo mwanzoni viliwaumiza kuliko mawe.

Mwaka 2016 michezo ya Olimpiki ilifanyika Rio de Janeiro, Brazil, na kwa mara ya kwanza katika historia palikuwa na kikosi cha wakimbizi wasio na nchi ya kuwatuma. Walikuwa kumi: watano wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka Ngong, wawili waogeleaji wa Syria, wawili wa judo kutoka Kongo, na Mhabeshi mmoja wa marathoni. Mkuu wa msafara wao alikuwa Tegla Loroupe. Tarehe 5 Agosti, usiku wa kufungua, waliingia uwanjani karibu na mwisho, nyuma ya bendera nyeupe ya Olimpiki, kwa kuwa hawakuwa na bendera nyingine, na uwanja wote ukasimama ukawapigia makofi. Aliyeishika bendera ni Rose.

Katika mbio zake, mita 800, Rose hakupita raundi ya kwanza. Alirudi Ngong akaendelea kufanya mazoezi, na mwaka 2021, mjini Tokyo, aliingia tena katika Olimpiki na kukimbia mita zile zile 800 upesi kuliko alivyokimbia Rio.